Stima Ndani ya Ng'ombe

Ng'ombe wangu alianza kumpiga mateke mke wa mwanangu wakati wa mvua, na mimi sikushangaa. Nilikuwa nimekaa nikingoja kitu kama hicho.

Boma letu liko Kimumu, upande ule ambao nyumba za kupangisha zinakuja zikimeza mashamba. Kipande nilichobaki nacho si kikubwa. Nyumba yangu iko mbele karibu na lango, nyumba ya mwanangu wa mwisho iko kando, kibanda cha kuku kiko katikati, na nyuma kabisa kuna zizi la simiti na mabati. Ndani ya zizi yuko ng'ombe mmoja. Nilimtoa Moiben akiwa ndama wa kuyumbayumba, mama yake amekufa, nikamnywesha kwa chupa mpaka akajua sauti yangu. Watu wengine wana shamba kubwa. Mimi nina yeye.

Mwanangu huyo ni dereva wa trekta. Alioa msichana wa upande wa Kaptagat, binti ya mwalimu. Msichana mwenyewe hakuwa na kosa la kuonekana. Anaamka mapema, anaongea polepole, hasemi ovyo mbele ya wageni. Lakini alilelewa kwenye nyumba za shule, akinunuliwa maziwa kwa jirani, na mtu aliyelelewa hivyo anamtazama ng'ombe kama mtu anayetazama gari la mwenzake. Nilimwona siku ya kwanza kabisa. Nikaweka moyoni.

Kwetu bibi arusi akiletwa, anasimama langoni. Haongei, hasongi hata hatua, hata mvua inyeshe. Anasimama hivyo mpaka watu wa boma wamtajie mnyama atakayekuwa wake. Mama mkwe ndiye anayeanza. Wengi wanaanza na mtamba, wenye roho kubwa wanataja ng'ombe wa maziwa. Mimi nilimtajia kondoo. Shangazi zake walinitazama. Ng'ombe alikuwa kule nyuma akilia, kila mtu akimsikia, na mimi nikarudia: kondoo. Msichana akasimama kidogo zaidi, kama anayehakikisha hakuna kingine kinachokuja, kisha akainama akaingia.

Kazi tuligawana. Mimi nilikamua alfajiri, yeye jioni. Jioni ndiyo saa ambayo mwanangu alikuwa akirudi na kuwasha ile mashine ya kukatakata nyasi, kwa hiyo zizini kulikuwa na kelele na vumbi la nyasi za nepia, na mke wake amechutama na ndoo. Kabla ya kukamua alikuwa anaosha sakafu. Anamwaga maji kama anayefua shuka za hospitali, anasugua, anamwaga tena. Hata hilo sikulipenda. Nilijiuliza ni uchafu gani huo anaouona yeye peke yake.

Alfajiri kwangu ng'ombe alisimama kama jiwe. Jioni kwake akawa anaingiza mdomo kwenye hori ya chuma, anautoa kwa kushtuka, anacheza kwa miguu, halafu teke. Ndoo inaenda huku, maziwa kule.

"Mama, huyu ng'ombe hanitaki," akaniambia siku moja, gambuti zake zimelowa maziwa.

"Basi jiulize ni kwa nini," nikasema.

"Nimejiuliza. Sioni kosa."

"Ng'ombe ameliona."

Sikuongea kwa hasira. Nilisema nilichoamini. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini ng'ombe nimewasoma maisha yangu yote, na ng'ombe hampigi mtu bure. Humkataa mwenye mkono mbaya, au mwenye jambo analolificha. Ikawa kazi yangu kutafuta jambo hilo.

Nikaanza kuangalia. Maziwa ya jioni yalipungua, hata siku ambazo ndoo haikumwagika. Nikajiambia, anapitisha mengine kwa ua wa nyuma kwa wale wapangaji. Nikatembea kando ya ua nikitafuta alama za viatu, na nilipokosa nikajiambia kwamba mvua imezifuta. Halafu kulikuwa na harufu. Jioni nyingine, upepo ukigeuka, nilisikia nailoni ikiungua. Nikaingia jikoni kwake bila kupiga hodi. Jiko lilikuwa na makaa tu.

"Unachoma nini?"

"Napika mboga, Mama."

"Nimesikia nailoni."

"Hata mimi huisikia. Nilifikiri ni wewe unachoma takataka."

Jibu hilo nalo nikaliweka na mengine. Mtu akikurudishia swali lako, mchunge.

Sasa, mjukuu wangu. Huyu ni wa binti yangu mkubwa, anasomea mambo ya stima katika chuo cha ufundi hapa mjini Eldoret, na chuo kikifunga anakuja kukaa kwangu kwa sababu kwao ni mbali na kwangu kuna chai. Mimi ananiita Kogo, ndiyo nyanya kwa lugha yetu. Likizo hiyo alikuja na mtihani wa kurudia. Alikuwa ameanguka somo la sakiti, na akaanguka tena, na mwalimu wake amemwambia asipoielewa meshi asirudi. Basi kutwa nzima alikuwa kwenye meza yangu akichora madirisha.

Nasema madirisha kwa sababu ndivyo yalivyokuwa. Mraba mmoja, na mwingine umeshikana nao, ubao mmoja katikati ukiwa wa yote mawili. Ndani ya kila dirisha anachora mshale unaozunguka kama mkono wa saa.

"Hiyo ndiyo elimu?" nikamuuliza.

"Hii ndiyo meshi, Kogo. Stima haiendi mahali ikaishia. Inazunguka, inarudi ilikotoka. Kwa hivyo kila dirisha unalipatia mzunguko wake, unasema, sawa, hapa kuna stima inazunguka, sijui ni ngapi. Halafu unafuata dirisha lote, unajumlisha, mpaka unarudi mahali ulianzia. Lazima itoke sufuri."

"Na huu ubao wa katikati?"

"Hapo ndipo huwa naanguka. Huu waya ni wa dirisha zote mbili. Mzunguko wa huku unapita ukishuka, wa kule unapita ukipanda. Kwa hivyo yenye inapita hapo kweli ni moja toa nyingine."

Nikaangalia ile mishale. "Nani alikwambia stima inazunguka upande huo?"

"Hakuna. Nimekisia."

"Umekisia."

"Eeh. Ukikisia vibaya, jibu linakuja na alama ya kutoa. Unajua tu inaenda ule upande mwingine."

"Halafu unafanya nini?"

"Unageuza mshale."

"Bila kuomba radhi?"

"Kwa nani, Kogo?" Akacheka mpaka chai ikamwagikia madirisha. Mimi sikucheka. Hesabu inayokubali kuanza na uongo sikuiamini, na nikamwambia hivyo.

Jioni ya siku iliyofuata teke lilimpata mke wa mwanangu kwenye kifundo cha mkono. Alikuja nyumbani kwangu akiushika mkono kwa mkono mwingine, uso umekuwa wa majivu. Nilimkanda kwa maji ya chumvi na kumfunga kitambaa. Hakulia. Na mimi nikikaza kile kitambaa nikaona kwamba mambo haya yamefika mwisho. Nikamwita mwanangu mbele yake, kwa sababu sipendi kusema mtu mgongoni.

"Kesho Jumamosi mchana nitaita wazee wawili wa ukoo," nikasema. "Ng'ombe wa boma amemkataa. Arudi kwao kwanza, wazee wa kwao na wetu waulizane kuna nini. Kukiwa hakuna kitu, atarudi."

Sisi sote tulijua. Mwanamke akirudishwa kwao kwa neno kama hilo, harudi. Hata akirudi, harudi yeye yule.

Mwanangu aliangalia chini. Nilitegemea atete, hata kidogo. Akajikuna tu nyuma ya sikio.

Mjukuu wangu ndiye aliyefungua mdomo. Alikuwa bado kwenye meza na kalamu.

"Hebu kwanza. Aunty, wakati inakupiga, mashine huwa inanguruma?"

Mke wa mwanangu akafikiri. "Karibu kila mara. Ikizimwa anatulia."

"Na wewe Kogo, asubuhi mashine iko off?"

"Nani akate nyasi alfajiri?"

"Kogo, hiyo inaweza kuwa stima."

Nikamtazama. Nilijua yeye na mke wa mwanangu walikuwa wanakaa pamoja jikoni wakichambua mboga, wanacheka mambo ya simu. Nikajua ametumwa. "Stima iko kwa waya," nikasema. "Ng'ombe hana waya."

"Si ndio tuangalie? Anko, ulivuta stima aje mpaka zizini?"

Mwanangu akaeleza, bila kupenda. Alivuta mwenyewe, kutoka sanduku la nyumba yake, juu ya kibanda cha kuku, mpaka mashine. Waya mwekundu wa kwenda, mweusi wa kurudi, na ule wa ardhi.

"Ule wa ardhi umeingia chini wapi?"

"Kulikuwa na chuma cha shaba. Wale wa kuokota vyuma wakaking'oa. Nikaona badala ya waya kukaa bure, niufunge pamoja na ule mweusi. Si yote inarudi?"

Mjukuu akashika kichwa. "Anko! Na mashine imesimama juu ya nini?"

"Imekazwa kwa fremu ya chuma."

"Na hori?"

"Fremu hiyo hiyo."

Hapo akachukua karatasi safi. Mita yake ya kupima ilikuwa imekufa betri na maduka ya mjini yalikuwa yanafunga, kwa hiyo akasema atapiga hesabu kwanza. Akachora madirisha mawili. La kwanza lilikuwa la mashine: stima inatoka nyumbani kwa waya mwekundu, inazungusha mashine, inarudi kwa ule mweusi. La pili ndilo lililonifanya nisogeze kiti. Lilianzia kwenye hori, likaingia kwa mdomo wa ng'ombe, likashuka kwa kwato, likapita kwenye simiti yenye maji na udongo, mpaka nyumbani, na kurudi kwa ule ule waya mweusi. Ubao wa katikati ulikuwa waya mweusi.

"Umemchora ng'ombe wangu kama kipande cha waya," nikasema.

"Hapa ni ukinzani tu, Kogo. Yaani anavyobishana na stima isipite."

"Nani alimpima ubishi wake?"

"Mwalimu alitupatia ya ng'ombe. Nitachukua hiyo."

"Mwalimu hamjui huyu."

Akaandika mistari miwili ya hesabu, akafuta, akaandika, akauma kalamu. Sisi wengine tulikaa pale kama watu wanaongoja majibu ya daktari. Mke wa mwanangu alisimama mlangoni, mkono uliofungwa kifuani. Niliona anavyoitazama ile kalamu.

Mwishowe mjukuu akaiweka chini. Hakututazama.

"Ni kidogo sana," akasema. "Kwa waya mzima wa urefu huo, hori inapata kama volti moja. Yenye inapita kwa ng'ombe hata hawezi kuisikia."

"Sema tena," nikamwambia.

"Kwa hesabu, si stima."

Sikufurahi, lakini nilijisikia nimekaa mahali pangu. "Hata meshi yako inasema," nikasema. "Teke halitoki kwa waya. Linatoka mahali pengine."

Nilipogeuka, mlango ulikuwa wazi na mke wa mwanangu hayupo. Kupitia dirishani nikamwona ndani ya nyumba yao, anakunja nguo kwa mkono mmoja.

Jumamosi mvua ilikuwa imekatika. Mjukuu wangu alishuka mjini asubuhi kununua betri. Nilimwuliza anaitaka ya nini kama hesabu imeshaisha, akasema mwalimu wao huwaambia karatasi bila mita ni hadithi. Wazee walikuwa waje baada ya chakula cha mchana. Mke wa mwanangu alikuwa ameamka, amenipikia uji, ameosha vyombo vyote, hata vyangu, ameosha na sakafu ya zizi. Kisha akatoa mfuko wake wa nguo akauweka kando ya kibanda cha kuku, akasimama nao. Alikuwa anangoja mume wake amsindikize. Hakuniangalia wala hakuniepuka.

Mjukuu akarudi akikimbia, akaingia zizini moja kwa moja. "Anko, washa mashine."

"Nyasi haijaletwa."

"Washa, kuna mabua pale."

Akawasha. Mjukuu akaweka sindano moja ya mita kwenye hori, nyingine akaikandamiza kwenye simiti iliyolowa. Nikaona uso wake unabadilika. Akazitoa, akazirudisha.

"Tisa," akasema. "Karibu tisa. Ilifaa iwe moja."

"Karatasi na mita," nikasema, "mmoja ni mwongo."

"Hesabu iko sawa, Kogo, nimerudia usiku kucha kichwani." Akawa anaongea na yeye mwenyewe, haraka haraka. "Meshi inakupatia jibu ya kile umechora. Kama nimechora vibaya, itanipatia jibu safi ya kitu hakipo. Na nimechora waya mmoja mzima."

"Nani alikwambia uchore mzima?"

Akageuka akamtazama mjomba wake.

Lakini kwanza nilitaka kujua hiyo tisa ni kitu gani. Namba kwenye kioo hainiambii neno. Nikavua kiatu changu cha mguu wa kulia, nikakanyaga simiti yenye maji.

"Kogo, hapana! Hakuna mtu hufanya hivyo! Toka hapo!"

"Nimekwambia ng'ombe hana waya. Nataka nione."

"Basi si kwa kiganja! Kiganja kinashika. Guza na mgongo wa mkono, na utoe mara moja. Anko zi..."

Sikungoja. Nililowesha mgongo wa mkono kwa maji ya hori na kuugusisha kwenye chuma. Ilikuwa kama siafu wameingia kwa mkono na kutokea kisiginoni. Nikarudi nyuma nikajikuta nimeshika mgongo wa ng'ombe. Na yeye alikuwa ananiangalia kwa lile jicho lake kubwa, midomo imelowa, hagusi chakula. Mimi ni mtu, nimevaa kiatu mguu mmoja, na niliweza kutoka. Yeye ana miguu minne kwenye maji, na mdomo ambao hauna ngozi ngumu, na kamba shingoni. Angefanya nini zaidi ya kuzuia maziwa na kupiga teke? Aliyekuwa karibu na teke ndiye aliyelipata. Tena aliyekuwa karibu alikuwa amevaa gambuti za mpira, hasikii lolote.

Alfajiri, mashine ikiwa imelala na sakafu ni kavu kwa sababu mimi hufagia tu, hapakuwa na kitu cha kumchoma. Kadiri msichana alivyosugua na kumwaga maji ili zizi liwe safi, ndivyo alivyokuwa anampatia stima njia.

Mashine ikazimwa. Nikamgeukia mwanangu.

"Waya ule ni mmoja?"

"Ni mmoja, Mama."

Akajikuna nyuma ya sikio.

Huyo mtoto nimemzaa mimi. Alipovunja chungu cha mama yangu alijikuna hapo. Alipotoroka shule alijikuna hapo. Nilikuwa nimewachunguza wote katika boma hilo, mpaka alama za viatu kwenye matope, na yeye sikuwahi kumtazama sikio mpaka siku hiyo. Jana yake alipojikuna mbele yangu, mke wake akiwa amesimama na mkono umevimba, nilimwona, na nikapita.

"Mjukuu wangu," nikasema, "fuata waya."

Wakazima stima kwenye sanduku la nyumba. Mjukuu akapanda ngazi, akafuata kwa vidole kutoka zizini. Alipofika juu ya kibanda cha kuku, chini ya bati, akasimama. Sikuhitaji kuambiwa. Ile harufu ilinishukia puani, nailoni iliyoungua, ile ile ya jioni nilizokuwa naingia jikoni kwa watu bila hodi.

Akatoa fundo. Waya mweusi ulikuwa vipande viwili, vimesokotwa kwa mkono na kuviringishwa mfuko wa plastiki, na mfuko umeyeyuka ukashikamana na shaba iliyokuwa nyeusi kama mkaa.

"Hapa ndio ubishi uko," mjukuu akasema kutoka juu. "Huu ndio ubao wa katikati. Stima ya mashine ikifika hapa inasukumana, ingine inaona heri ipitie kwa ng'ombe."

"Waya ulikuwa mfupi," mwanangu akasema. "Nilikuwa na kipande kingine cha zamani. Nikaona..."

"Uliona mke wako akirudishwa kwao," nikamwambia. "Hicho ndicho ulichoona, ukanyamaza."

"Mama, sikujua ni waya!"

"Hukujua. Lakini ulipoulizwa, ulisema mmoja. Sauti ya mtu asiyejua huwa inauliza. Yako ilijibu."

Nikamtuma akatafute fundi wa stima mwenye karatasi zake, na chuma kipya cha ardhi kizikwe kirefu mahali hakuna mtu atakiona, na yeye mwenyewe achimbe shimo. Akaenda akiwa ameinama, ule urefu wake wote.

Nikatafuta kiatu changu. Nilipoinua macho, mfuko haukuwa tena kando ya kibanda. Mke wa mwanangu alikuwa ameubeba mpaka langoni. Alikuwa amesikia na kuona kila kitu, na alikuwa amefika pale na kusimama. Hakutoka. Hakurudi. Alisimama tu, ameelekea ndani, mdomo umefungwa.

Mjukuu akanong'ona, "Si mwambie arudi, Kogo? Mwambie mambo imeisha."

"Nyamaza. Hujui anachofanya."

Mimi nilijua. Nilitembea mpaka pale polepole, mguu wa kulia bado unawasha. Nikasimama mbele yake kama nilivyosimama siku ile, isipokuwa safari hii hapakuwa na shangazi wala nyimbo. Kwa barabara kulikuwa na mtu anasukuma baiskeli yenye magunia, akatutazama, akapita.

"Kondoo yule bado ni wako," nikasema.

Kimya.

"Kuku pia, kama unawataka. Wale weupe."

Aliutazama mkono wake uliofungwa, halafu akanitazama mimi. Nyuma yetu ng'ombe akalia, kwa sababu saa yake ya maji ilikuwa imepita na hakuna aliyemkumbuka.

Mtu asidhani neno lile lilikuwa jepesi. Lilinitoka kama jino.

"Ng'ombe," nikasema.

"Ng'ombe yupi?"

"Kwani niko na wangapi?"

"Yule wa teke?"

"Yule yule. Na ndama aliye tumboni. Na utamkamua wewe, alfajiri na jioni, mimi nitakuwa naletewa maziwa kwa kikombe kama mgeni."

Nikaona kitu kinapita kwenye mdomo wake, sijui kama kilikuwa kicheko. Wazee walipofika baadaye walikunywa chai, wakauliza kesi iko wapi, nikawaambia kesi ni waya, wakaenda kuangalia lile fundo wakitikisa vichwa na kupeana habari za mahindi. Jioni hiyo hapakukatwa nyasi yoyote. Lakini hayo yalikuwa mbele. Pale langoni, sisi tulikuwa bado tumesimama.

Niliushika mlango wa lango, ambao ni wa chuma, nikausukuma ufunguke zaidi ili apite na mfuko wake.

Hakupita mara moja. Alinyoosha ule mkono wake mzima, akaugeuza, akaugusa ule mlango kwa mgongo wa mkono, kidogo tu, na kuutoa. Akaugusa tena. Alikuwa ananitazama mimi, si mlango.

Kisha akabeba mfuko, akaingia.